Duara Katikati ya Disko

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita uliniacha nimesimama nyuma ya mashine zangu, Jeniffer yuko sakafuni, na watu wanapiga makofi.

Kwa ambaye hakunisoma, naeleza kwa kifupi. Mimi ni Denis, mzaliwa wa Mpimbwe. Nilipiga disko Dar es Salaam miaka sita, katika ukumbi mmoja wa Kinondoni ulioitwa Nyota Saba, mpaka ukumbi ukafa mikononi mwangu. Mwaka 1996 nilipakia spika nne, mashine mbili za santuri na taa za rangi kwenye behewa la mizigo, nikarudi Mpanda. Nikapanga ghala la zamani la mpunga pale Nsemulwa, nikapata jenereta, nikaanzisha disko la Jumapili mchana. Mwaka mzima watu walijaa mpaka wengine wakawa wanacheza nje, kwenye matope.

Jeniffer alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na mmoja. Wachache walikuja disko kucheza, wengi walikuja kumtazama yeye. Jumapili ya pili ya Desemba 1997, katikati ya zile mvua za El Nino, alishika nguzo ya chuma iliyobeba taa zangu. Akatetemeka, akaanguka. Watu wakadhani ni mtindo mpya. Wakamshangilia.

Leo nasema kilichofuata. Nasema pia jambo ambalo katika sehemu ya sita nililiruka kwa makusudi.

Nilijua kabla yao. Hilo liandikwe kwanza. Wao walikuwa wanamtazama mabega, mimi nilikuwa namtazama mkono. Mkono ulikuwa umeganda kwenye chuma, vidole vimejikunja, na hakuna mtu anayecheza hivyo.

Nilikimbia nje nikazima jenereta. Muziki ukakatika, taa zikazimika, makofi yakaendelea kidogo peke yake kwenye giza la ghala. Halafu yakaisha, ikabaki mvua juu ya bati.

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa magunia tukamkimbiza hospitali. Daktari alimshika shingo, akamfunua jicho, akatuuliza tumechelewa wapi. Hatukuchelewa popote. Alikuwa ameshakufa pale pale.

Mama yake, mama Theopista, alifika akiwa amelowa mpaka kichwani. Hakupiga kelele. Alivua kitenge alichojitanda, akamfunika mwanae miguu kwanza, kama mtu anayemfunika mtoto asipate baridi.

Jioni ile polisi waliniuliza maswali machache. La kwanza lilikuwa, nani alifunga umeme mle ndani.

Nikasema, Polycarpe.

Polycarpe alikuwa fundi wangu. Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, aliyeingia nchi hii mwaka 1972 akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Mtu mpole, Mkristo wa kweli, anayeweza kuchukua redio tatu zilizokufa akakutengenezea moja inayosikika mtaa wa pili. Bila yeye lile disko lisingelia hata siku moja. Kwa hiyo sikusema uongo. Kila waya mle ndani aliufunga yeye.

Lakini Jumamosi, siku moja kabla ya kifo, Polycarpe alikuwa amepanda ngazi kukagua taa. Akakuta waya umechubuka pale unapopita kwenye nguzo, na bati linavuja juu yake. Alishuka akanikuta nafuta santuri.

"Deni, kesho usipige," aliniambia. "Ile nguzo itaua mtu. Waya mpya ninao kule nyumbani. Jumatatu naleta, nafunga, halafu wewe utapiga mpaka uchoke."

Nikamwambia sawa. Akapanda baiskeli yake akaenda zake Katumba.

Nilikuwa na nia ya kufunga ukumbi, Mungu ni shahidi. Lakini nilipobaki peke yangu mle ndani, nikaikumbuka Nyota Saba.

Nyota Saba ilikuwa inachukua watu mia sita. Mwaka 1995 mwenye ukumbi alifunga Jumamosi mbili tu, apake rangi. Tulipofungua ya tatu, rangi inang'aa, walikuja themanini. Iliyofuata hamsini. Watu walikuwa wamepata pengine pa kwenda, wengine wamegundua wanaweza kukaa nyumbani na redio mpya zile za FM. Niliwapigia nyimbo watu arobaini katika ukumbi wa mia sita kwa miezi minne. Aliyewahi kufanya hivyo anajua. Unasikia viatu vyao kimoja kimoja.

Na hapa Mpanda, mfanyabiashara mmoja, Nkwabi, alikuwa ameshafungua banda la video karibu na stendi. Picha za karate, kutwa nzima, mchana wa Jumapili pia. Nikajiambia, nikifunga kesho tu, wataonja video ya Nkwabi, na itakuwa Nyota Saba nyingine.

Basi Jumapili asubuhi nilipanda ngazi mwenyewe. Utepe wa umeme ulikuwa umekwisha. Nikauzungushia ule waya plasta, hii hii ya kufungia vidonda. Nikatega karai sakafuni, pale panapovuja. Nikashuka nikaridhika.

Jumatatu saa nne asubuhi Polycarpe alifika pale ghalani na baiskeli yake, ametokwa jasho, waya mpya ameuvaa begani kama mtu aliyevaa mshipi. Hakuwa amesikia habari yoyote. Huku mlangoni kulikuwa na polisi wawili na mimi.

Walimuuliza kama ndiye fundi wa umeme. Akasema ndiyo, akatabasamu, akafikiri wanataka kutengenezewa redio. Walimuuliza kibali cha kutoka makazini. Hakuwa nacho siku ile, alikuwa ameondoka kwa haraka awahi kunifungia nguzo yangu. Ndipo wakamwambia kuna mtu amekufa.

Alinigeukia. "Deni, waambie."

Nikawaambia, "Ni yeye aliyefunga."

Akauvua ule waya begani taratibu, akauweka chini karibu na miguu yangu. Akanyoosha mikono akafungwa.

Ule waya ulibaki pale chini siku nne. Nilikuwa naruka juu yake nikiingia na kutoka.

Nilifungua tena disko katikati ya Januari. Niliing'oa ile nguzo, nikaziba shimo kwa saruji, nikasawazisha mpaka mtu asingejua palikuwa na kitu. Bati nikaweka jipya. Nikatangaza soko zima, mpaka Kabungu nilipeleka tangazo.

Walikuja wengi. Nikapiga ule wimbo ambao haukuwahi kuniangusha. Wakaingia kucheza, na mimi nikainua macho kuwatazama.

Walikuwa wameacha duara.

Hakuna aliyewaambia. Sakafu ilikuwa tupu pale ilipokuwa nguzo, upana wa mkeka mmoja hivi, na watu wanacheza kuizunguka. Mtu akisukumwa kwa bahati mbaya akakanyaga ndani, anaruka kutoka kama aliyekanyaga jivu la moto. Nikahamisha spika mbili nikaziweka pale ili pawe na sababu ya kutokanyagwa. Wakaacha duara kuzunguka spika.

Jumapili ya pili duara lilikuwa mikeka mitatu.

Jumapili ya nne watu walikuwa wamebana migongo ukutani, na katikati ya ghala pangetosha kuanika mpunga. Nilikuwa napiga muziki kwa ajili ya sakafu. Baada ya hapo wakawa wanacheza mlangoni, baadaye nje, baadaye kwa Nkwabi.

Mjini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Huyu anasema ni video. Yule anasema nyimbo zangu zimechakaa, vijana siku hizi wanataka hao wanaoimba kwa kusema maneno haraka haraka kwa Kiswahili, waliowasikia redioni. Mwingine anasema ni mvua, mpunga umeoza mashambani, nani ana moyo wa kucheza. Hakuna aliyetaja jina la Jeniffer mbele yangu.

Mwanzoni mwa Februari nikapata barua kutoka Dar. Iliandikwa na Hana, dada aliyekuwa anakata tiketi Nyota Saba. Alisema kumbi mbili za jirani zimekuwa makanisa, moja ghala la mitumba, na kwamba wapiga disko niliowajua sasa wanapiga kwenye harusi, watu wamekaa kwenye viti wanakula wali. "Disko limekwisha, Deni," aliandika. "Sio kosa la mtu. Watu wamekua."

Sio kosa la mtu. Nilikunja ile barua nikaiweka mfuko wa shati. Kila aliyeniuliza mbona pamepooza, naitoa namsomea. Nasema unaona, hata Dar es Salaam kwenyewe. Ni zama zimepita. Nilisoma ile barua mpaka ikakatika kwenye mikunjo.

Lakini zama haziwafanyi watu wakwepe sehemu moja ya sakafu.

Na kulikuwa na makofi. Mpiga disko, wimbo mmoja unapokwisha na mwingine unapoingia, kuna nafasi ndogo ambayo yeye peke yake anaisikia. Katika nafasi ile nilikuwa nasikia makofi. Mwanzoni niliamini ni mkwaruzo wa santuri. Nikabadilisha sindano. Nikabadilisha santuri. Halafu nikaanza kuyasikia mahali pasipo na santuri. Sokoni mwanamke akikung'uta mikono ya unga, mimi nasimama. Kanisani walipofika kwenye wimbo wa Utukufu, kwaya ikaanza kupiga makofi, nilitoka nje misa haijafika nusu, nikakaa kwenye ngazi mpaka watu wakatoka. Padri aliniuliza kama naumwa. Nikasema malaria.

Nafika sasa kwenye Jumapili ya mwisho ya Februari.

Saa tisa mchana. Mle ndani walikuwa watu kumi na mmoja, wote wako upande wa mlango. Mimi napiga, sijui nampigia nani. Mara nikaona wale kumi na mmoja wanapisha njia.

Aliingia mama Theopista.

Alikuwa amepungua sana. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akaja moja kwa moja mpaka kwenye ile sehemu tupu, akasimama pale hasa. Akavua ndala zake. Akakanyaga ile saruji kwa miguu mitupu.

Nikapunguza sauti mpaka ikaisha.

Akaniita kwa mkono. Ilinibidi nitoke nyuma ya mashine zangu nikaingie kwenye lile duara ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelikanyaga tangu Desemba.

"Ni hapa?" aliniuliza.

"Ni hapa, mama."

Halafu akanieleza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeeleza habari za shamba, kwamba juzi alikwenda mahabusu kumwona Polycarpe. Alimpelekea ugali na dagaa. Watu walimshangaa, mama wa marehemu anampelekea chakula aliyemuua mwanae. Lakini alikuwa anataka amtazame usoni amuulize kwa nini.

Polycarpe alimjibu. Alimwambia kwamba ile Jumamosi, akienda Katumba, alipita kwao akasimamisha baiskeli mbele ya cherehani ya Jeniffer, akamwambia kesho hakuna disko, mahali pale pana hatari, asije hata kama atasikia muziki.

"Na ni kweli," mama Theopista alisema. "Nilikuwa ndani, nilisikia sauti yake. Nilisahau kwa uchungu, akanikumbusha. Jeni alilirudisha gauni sandukuni. Akaniambia kesho atashona sare za kwaya. Asubuhi nikaenda misa nikamwacha na cherehani yake. Narudi, hayupo. Sare zimekatwa nusu."

Nilikuwa natazama miguu yake.

"Kuna mtu alimpitia asubuhi ile. Alimwambia mambo yameshatengenezwa. Wewe mwanangu ulikuwa hapa tangu asubuhi, unawajua watu wa disko wote. Niambie ni nani."

Hili ndilo nililoliruka.

Alikuwa ni mimi.

Baada ya kufunga plasta yangu nilichungulia nje nikaona mvua, nikaona barabara tupu. Nikajua Jeniffer asipokuja, hata hao wachache hawataingia. Watu walikuwa wanauliza kwanza, Jeni yupo? Nikachukua mwavuli nikaenda kwao. Nilimkuta anakata vitambaa. Akaniambia fundi amesema pabaya. Nikamwambia, "Polycarpe ameshamaliza kutengeneza. Nimeona kwa macho yangu." Akacheka, akasema basi subiri nipige gauni pasi. Nikamwambia sisubiri, atanikuta.

Sikuwa namchukia. Nilikuwa nampenda, kama mji mzima ulivyompenda. Nilimtaka aje ajaze ukumbi, basi.

Mama Theopista alikuwa bado ananingoja. Kumi na mmoja wale wamesimama mlangoni, wanasikia kila neno.

"Simjui, mama," nikamjibu.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema hakuna neno, kwa sababu yupo aliyemwona. Siku ile mlangoni kwao alikuwa amekaa Josephina, dada mkubwa wa Jeniffer, aliyekuja kutembea, anachambua mchele. Baada ya mazishi Josephina alirudi kwa mume wake Kapalamsenga, barabara ya ziwani ikakatwa na maji, hakukuwa na namna ya kumuuliza. Jana alifika. Amesema ni mtu wa disko, na akimwona atamjua.

"Nimekuja naye," alisema. "Yuko hapo nje."

Naomba unielewe. Asubuhi ile, nikiwa na mwavuli wangu, nilimsalimia Josephina kwa jina. Nilimuuliza habari za ziwani. Nilimuuliza mtoto hajambo. Hakuhitaji kuniona ndipo anijue.

Mama yake akamwita. Josephina akaingia, mtoto mgongoni amelala, akaja mpaka pale tuliposimama. Hakuwa na haraka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka macho, akabaki kwenye macho.

"Ni huyu?" mama yake alimuuliza.

Nilisikia yale makofi. Nilihesabu kama matano.

"Sio huyu, mama," Josephina alisema.

Mama Theopista alishusha pumzi, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona analia. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa baridi. "Nisamehe, mwanangu," aliniambia. "Nilikudhania vibaya. Tangu juzi nalala nakudhania wewe."

Angenipiga kofi ningeshukuru. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Hakuna neno, mama."

Akavaa ndala zake, akatoka, wale kumi na mmoja wakampisha tena. Josephina alibaki. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akakaza kitenge, na alipoongea alinong'ona kama mtu anayeogopa kumwamsha.

"Usifikiri nimekuficha. Mama ana presha, juzi alianguka jikoni. Sikutaka ajue akiwa amesimama hapa alipofia Jeni. Leo jioni nitamweleza nikiwa nimemkalisha, na jirani yupo."

Nikamwambia, dada Josephina, nisikilize.

"Nilikusikiliza siku ile. Ulimwambia umeona kwa macho yako." Mtoto akajigeuza, akamtikisa kidogo. "Mke wa Polycarpe, Goreth, amejifungua wiki iliyopita kule Katumba, mwanaume hajamwona mtoto. Kesho saa mbili asubuhi mimi na Goreth tutakuwa mlangoni kwa polisi. Ukija, utasema mwenyewe, na sisi tutanyamaza. Usipokuja, nitasema mimi. Nitasema mpaka ulivyonisalimia."

Akaondoka.

Nilibaki kwenye duara. Nilitaka kutoka, sijui nitokee upande gani. Mle ndani palikuwa kimya mpaka nikasikia jenereta nje, bado linanguruma, linasukuma umeme kwenye mashine ambazo hazilii.

Ndipo honi ikalia kutoka stesheni. Treni ya Tabora, wiki tatu ilikuwa haijafika kwa sababu ya tuta kuchukuliwa na maji. Kila mtu Mpanda alijua ratiba yake. Ikiingia Jumapili, inageuza Jumatatu saa moja asubuhi. Saa nzima kabla ya ile saa mbili ya Josephina.

Msichana mmoja kati ya wale kumi na mmoja, simjui jina, alisogea mpaka ukingoni mwa duara, vidole vya miguu vimeishia pale pale mpaka unapoanzia.

"Kaka Deni," aliniuliza, "disko limekwisha, au tuendelee kungoja?"

Nilikuwa bado sijamjibu, honi ikalia mara ya pili.